Jina la Mgongoni

Mwanangu,

Unaona nimeandika "Mwanangu" nikaachia hapo. Nimechana karatasi mbili kabla ya hii. Katika ile ya kwanza niliandika Jerop, nikaiona kama barua ya mwalimu mkuu kwa mzazi. Katika ile ya pili niliandika lile jina lako lingine, na mkono ukakataa kuendelea. Kwa hiyo utakuwa Mwanangu tu hadi nifike mahali ninapotaka kufika, na nakuomba usiruke kurasa kama unavyoruka maelezo ya dawa.

Sasa hivi ni alasiri. Wewe na mama yako mko mjini saluni mnasukwa, na mimi nimefunga duka mapema, jambo ambalo wateja wangu wa Moiben hawatanisamehe kwa sababu wamezoea kuja kupakia chakula cha ng'ombe saa hizi. Begi lako liko kwenye kochi, limejaa hadi zipu inalalamika. Sitakuandikia habari za sweta wala za kupiga simu ukifika. Mama yako amekuimbia hayo wiki nzima, na atakayoyasahau yeye utayasikia kwa shangazi zako kesho asubuhi.

Naandika kwa sababu ya swali lako la jana mezani. Ulikuwa na simu mkononi, ukasema, "Baba, Coach Kacaw anauliza jezi yangu iandikwe nini mgongoni. Anataka jibu kabla niingie ndege, ndio wa-print nikiwa njiani. Niambie Jerop, Kiprop, ama ile ya Dani?" Nami nikakujibu, "Kula kwanza, ugali inapoa." Ukala. Mama yako akaniangalia. Ulipomaliza ukaenda kuosha vyombo bila kuuliza tena, na mimi nikabaki kwenye kiti kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe.

Swali lako lilikuwa dogo. Ni mimi niliye na shida nalo, na shida yenyewe ina umri karibu sawa na wako.

Nianze na Kiprop. Mji mzima unaniita Kiprop Mjaluo, na wewe umelicheka jina hilo tangu ukiwa mdogo. Babu yako alikuja Eldoret kutoka Nyakach, Ujaluoni, kufanya kazi katika kiwanda cha nguo, na mimi nikazaliwa hapa hapa, katika chumba cha mabati, mvua ikinyesha hadi mkunga na mama wakawa wanasemezana kwa ishara. Mama yangu, huyo Dani wako, kama Wajaluo wanavyomwita nyanya, akaniita Okoth. Kwetu jina linafuata saa au hali uliyozaliwa nayo: anayekuja na mvua ni Okoth, akiwa msichana ni Akoth. Majirani zetu Wakalenjin nao wana desturi hiyo hiyo. Kwao mtoto wa mvua ni Kiprop, na msichana ni Jerop.

Nilipokuwa kijana nikaanza kukimbia na vikundi vya asubuhi, nikawa na mbio. Kocha mmoja aliyekuwa akitafutia vijana safari za nje akanipenda miguu lakini jina halikumpendeza. Akaniambia, "Okoth ni jina ya mtu wa mpira. Kwa mbio hauziki. Hao watu wa ng'ambo wakiona Kip ndio wanatuma tiketi." Kisha akauliza, "Hiyo Okoth maana yake nini?" Nikamwambia mvua. Akapiga paja lake kwa furaha. "Basi kuna shida gani? Wewe ni Kiprop. Ni mvua ile ile."

Sikuwa nimechukua kitambulisho bado. Tulienda kwa wakili, nikaapa, nikatoka nikiwa Kiprop kabla chai ya wakili haijapoa. Nililiona kama kuvaa viatu vya mwenzangu kwa mashindano ya siku moja. Dani alipoona kitambulisho alikigeuza mbele na nyuma. "Kiprop ni nani? Amezaliwa na nani?" Nikamwambia, "Mama, ni mvua ile ile." Akanirudishia kadi yangu. "Mvua hiyo ilinyesha kwa nani? Yangu ilinyesha kwangu." Akaingia jikoni, na hatukulizungumza tena.

Kocha hakunidanganya. Tiketi zilikuja. Nilikuwa sungura, yule anayewavuta wenzake kwa kasi hadi katikati ya mbio kisha anatoka pembeni, na jina lilifanya kazi yake. Halafu ukazaliwa wewe, na ukaamua kuja mvua ikinyesha kama mimi. Dani alikuita Akoth kabla hujaoshwa. Mimi nilikuwa na hesabu zangu: nilitaka uandikishwe Jerop, maana nilidhani utakimbia, na sikutaka upite kwa wakili kama mimi. Lakini nilikuwa bado sijakuchukulia cheti cha kuzaliwa. Nilikuwa nikisema nitaenda wiki ijayo.

Tuliishi Huruma wakati huo, na mbele ya ploti yetu palikuwa na duka la Baba Njeri. Humkumbuki. Alikuwa Mkikuyu, alikuja mji huu zamani na mkokoteni wa mboga, na kila siku ya Mungu alivaa sweta ya kijani yenye mifuko iliyolegea. Dani alikuwa akienda nawe pale asubuhi kununua maziwa, na wewe na Baba Njeri mlikuwa na mchezo wenu. Anatia mkono mfukoni, anauacha humo, anakukazia macho. "Jina?" Unasema, "Akoth." "Akoth wa nani?" "Wa Dani." Hapo ndipo mkono unatoka na peremende, nawe unanyoosha kiganja. Ukikosea hupewi. Siku moja nilikupeleka mimi, nikakunong'onezea useme Jerop, nione itakuwaje. Baba Njeri alikuangalia kwa uzito sana. "Huyo simjui. Labda ni customer wa ile duka ingine." Ulilia hadi ukasema jina lenyewe.

Kisha ikaja ile Krismasi ya uchaguzi. Dani alikuwa amekwenda Nyakach kwa sikukuu. Mama yako alikuwa zamu katika zahanati kule Turbo, na mji ulipowaka moto kwa matokeo ya kura hakuweza kurudi. Wewe na mimi tukabaki Huruma, mlango umekomewa, godoro limesimamishwa dirishani. Duka la Baba Njeri lilichomwa usiku wa kwanza. Nilisikia vioo vya chupa za soda vikipasuka kimoja kimoja, na asubuhi hapakuwa na mtu pale. Wewe hukujua lolote. Ulipiga mlango kwa viganja ukitaka kwenda dukani. Mimi ambaye nilikuwa nakimbia kilomita thelathini kabla ya kifungua kinywa nilishindwa kutoka jikoni kwenda chooni bila kuchungulia kwanza. Unga ukaisha. Nilikuwa nakuambia kwamba nje kuna ng'ombe mkali, na wewe ukawa unauliza ng'ombe anaondoka lini.

Mama yako akapata simu ya mtu, akaniambia kuna malori yataondoka Turbo na polisi kuelekea upande wa Kakamega. Tukifika tungeondoka pamoja. Nikakufunga mgongoni na leso ya Dani, nikatoka kwa miguu kuifuata barabara ya Webuye.

Kizuizi kilichotukamata kilikuwa cha mawe na mti uliokatwa. Vijana walikuwa wengi, wengine na mishale, na kando ya barabara watu fulani walikuwa wameketishwa kwenye nyasi. Sikuwaangalia nyuso. Kijana mmoja akasoma kitambulisho changu, uso wake ukalegea. "Chamgei," akanisalimia. "Chamgei mising," nikamjibu, na nikashukuru moyoni kwa yule kocha. Kisha akaniuliza kitu kirefu kwa Kinandi, Kikalenjin cha huku kwetu. Kinandi changu kilikuwa cha uwanjani: haraka, polepole, kimbia kona. Nikatabasamu.

Hilo tabasamu ndilo lililotuponza. Akaita wenzake. "Huyu si wetu." Nikasema ukweli, kwamba mimi ni Mjaluo, naitwa Okoth. "Kitambulisho inasema Kiprop." Nikamwambia hilo ni jina la kukimbia. "La kukimbia nani?" akauliza, na wakacheka, na mimi nikaona nilivyojichimbia shimo. Maana wiki ile, kwenye barabara ile, hawakuwa wakitafuta Wajaluo. Walikuwa wakitafuta Wakikuyu. Okoth angepita akisalimiwa, maana kura zetu na zao zilikuwa upande mmoja. Lakini mtu mwenye jina la Kikalenjin asiyejua Kikalenjin alionekana kama Mkikuyu aliyejificha, na kwangu hapakuwa na karatasi hata moja inayosema Okoth. Kitambulisho, pasipoti, hata kadi yangu ya hospitali, zote nilikuwa nimezisafisha vizuri. Niliongea Kijaluo, wakasema hata sokoni watu wanakijua. Wakaniambia nisimame pale pale nisisogee.

Nakuacha hapo kidogo, mwanangu, umefungwa mgongoni mwangu. Tutarudi. Nataka kwanza nikuambie habari za Kacaw, kwa sababu unakwenda kwake Taiwan kuchezea timu yake, na unamjua tu kama sauti ya simu inayokukemea kwamba magoti yako yako juu.

Mama yako aliponiambia mwaka uliofuata kwamba nikubali kazi yoyote itakayonitoa Eldoret, nilikubali. Kampuni moja ya viatu kule Taiwan ilitaka mkimbiaji wa kufanya mazoezi na vijana wao. Waliniweka katika bweni la wanamichezo, ghorofa ya juu, chumba kimoja na kitanda kinachoishia kwenye mlango. Chumba cha jirani alikuwa Kacaw. Alikuwa mchezaji wa besiboli wa kulipwa, mdakaji kama wewe, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kinyago cha vyuma usoni kama dirisha la duka. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Jioni tulikuwa tunakaa kwenye korido, yeye magoti ndani ya ndoo za barafu, mimi nyayo, tukiongea Kiingereza cha kuungaunga na waya.

Mlangoni mwake palikuwa na jina la Kichina, na kwenye jezi yake jina hilo hilo. Kacaw ndilo jina alilopewa na mama yake. Watu wake, Waamis, walikuwa kwenye kisiwa kile kabla ya Wachina kufika. Babu yake na ndugu ya babu yake walipanga foleni moja mbele ya karani wa serikali aliyekuwa akigawa majina mapya, na karani akawapa majina mawili tofauti ya ukoo. Walitoka nyumbani ndugu, wakarudi jioni si ndugu kwenye karatasi. Kacaw alilirithi hilo la babu. Alichukuliwa akiwa mtoto kutoka kijiji cha pwani, akapelekwa shule ya mbali yenye besiboli, akaonana na mama yake likizo tu. Timu kubwa ikamsajili, ikamweka kikosi cha pili, na huko akasahauliwa. Siku moja mdakaji wa kikosi cha kwanza akavunjika kidole, Kacaw akaitwa, akacheza msimu mmoja mtamu hadi watoto wakanunua jezi zake. Kisha goti likapasuliwa. Akauzwa timu nyingine, akarudi kikosi cha pili, na pale bwenini alikuwa akingoja simu ambayo haikuja.

Watangazaji walipenda kumsifu kwa nguvu za watu wa milimani, ingawa yeye ni mtoto wa ufukweni. Nami walinisifu kwa kukimbia shuleni bila viatu, ingawa shule yangu ilikuwa ng'ambo ya barabara. Tulicheka sana kwa hayo, hadi mlinzi wa bweni akawa anatugongea ukuta.

Siku moja akaniambia kwamba mama yake hajawahi kukanyaga uwanjani. Alipomwomba aje, mama alimjibu, "Mnaniita nije kumshangilia mtu nisiyemjua." Nilimfikiria Dani na kile kitambulisho, nikashindwa kucheka. Kacaw akanieleza kwamba jina lake maana yake ni mlinzi, kijana anayekaa pembeni ya kijiji kutazama nani anakuja. Halafu akataka kujua mama yangu ananiitaje: "And you? Your mother calls you what?" Nilikuwa maelfu ya maili kutoka barabara ya Webuye, mbele ya mtu aliyekuwa amenifungulia moyo wake, nikamwambia, "Kiprop." Nilimdanganya rafiki yangu kwa jambo la bure kabisa. Hiyo ndiyo siku nilijua kwamba nimefungwa, na kwamba nimeufunga mlango kwa ndani.

Mkataba ulipoisha alinipa glavu yake ya zamani, hiyo uliyojifunzia kwenye uwanja wa shule, ile Dani alisema inanuka kama kiatu cha askari. Nilikuwa nimesharudi nyumbani alipopiga simu. Alikuwa amelibadilisha jina rasmi, akaitwa kikosi cha kwanza kwa mechi chache za mwisho kabla ya kustaafu, na jezi ikaandikwa Kacaw. Mama yake alikuja. Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema mtangazaji alilikosea jina, na kwamba kila alipokwenda kupiga alitolewa. Watu wakazomea. "But they were shouting at me," akasema. "Finally, me." Kwamba mwishowe walimzomea yeye mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshiba. Mimi nilikuwa dukani wakati huo, nimeketi juu ya gunia la pumba, na nilimwonea wivu mchungu kabisa. Mtu anazomewa na uwanja mzima, na mimi namwonea wivu.

Maana mimi sijawahi kutoka. Ploti ina jina la Kiprop, benki ina Kiprop, wewe ulipoanza nasari nikakuandikisha Jerop Kiprop, na kila nilipofikiria kubadilisha niliona itabidi nifumue sweta nzima. Dani alipokufa, yule aliyesoma majina ya watoto wa marehemu akafika kwangu, akasita, akasema "na huyu Kiprop," na watu wakacheka kidogo, msibani kwa mama yangu. Kila uchaguzi ukikaribia mama yako anaweka begi nyuma ya mlango, na mimi namwambia hatuendi popote. Sisemi hivyo kwa ushujaa. Nyakach sina nyumba, na hapa nina wateja wa Turbo na Moiben wanaonipenda kwa jina ambalo si langu. Nimezeeka katikati.

Sasa turudi barabarani.

Walikuwa wakibishana juu yangu kwa Kinandi. Mmoja mrefu, ambaye wengine walimsikiliza, akanizunguka, akaifunua leso mgongoni. "Mtoto hajui kudanganya," akasema. Akakuinamia. Akakuuliza kwa sauti ya pole kabisa, kama mjomba, "Jina?"

Neno moja tu. Na nyumbani nilikuwa nimeanza kukufundisha Jerop. Ungesema Jerop, sijui kama leo ungekuwa unasukwa nywele.

"Akoth," ukasema.

"Akoth wa nani?"

"Wa Dani."

Yule kijana akawageukia wenzake. "Dani. Hiyo ni Kijaluo kabisa, hata jirani yetu anaita shosho yake hivyo." Na wewe ukanyoosha mkono. Niliuona karibu na sikio langu, kiganja wazi, unangoja peremende. Wakacheka. Walicheka kama vijana wa kawaida kwenye uwanja wa shule, na mrefu akanirudishia kitambulisho. "Enda, mzee. Na utafute jina moja."

Hadi hapo mama yako anajua. Linalofuata hajalisikia.

Ulipotaja jina lako, mtu mmoja kati ya wale walioketishwa kwenye nyasi aliinua kichwa. Alikuwa hana viatu. Alikuwa na sweta ya kijani. Nawe mkono wako bado ulikuwa hewani, na yeye akatia mkono mfukoni. Sidhani alifikiria. Mkono ulikwenda wenyewe, kama kila asubuhi. Kijana mmoja akampigia kelele autoe, akautoa, ulikuwa mtupu. Aliniangalia mara moja, kisha akaangalia chini, na mpaka leo naamini aliangalia chini ili asitutambulishe. Wewe ulikuwa umemwona. Ulianza kusema, "Baba N—" na mimi nikakuvutia leso kichwani, nikakubana mdomo na bega langu, nikaondoka. Sikusema, "Huyo ni jirani yangu." Ningesema, labda wangetukalisha sote pale, labda la. Nilitembea, na ulilia chini ya leso karibu hadi Turbo.

Tuliporudi Eldoret nilimtafuta. Nilikwenda katika kambi ya waliofukuzwa makwao, nikapita hema hadi hema nikiuliza mzee wa duka wa Huruma. Mmoja aliniambia ndugu zake walikuja kumchukua. Mwingine aliniuliza mimi ni nani, nikasema Kiprop, akafunga hema. Sijui kilichompata. Nimeishi na hilo sijui.

Ndiyo sababu Akoth lilitoweka nyumbani kwetu. Ulidhani nililikataa kwa ajili ya mbio, au kwamba nilikasirika Dani akikudekeza. Kila alipokuita hivyo nilitoka chumbani kwa sababu niliuona ule mkono ukiingia mfukoni. Niliogopa ukiitwa, utaitika, na siku moja utaniuliza yule mzee wa peremende alienda wapi. Nilikufungia jina lako pamoja na aibu yangu, na nilikuwa nikijiambia nakulinda. Samahani, mwanangu. Samahani sana.

Sitaki uichukue hadithi hii kama deni la kulipa uwanjani. Wala usidhani jina ni kinga. Lile lililotupitisha kwenye barabara ya Webuye, kwenye barabara nyingine mwezi huo huo lingetumaliza, na Baba Njeri hakuwa amefanya kosa lolote isipokuwa kuitwa alivyoitwa. Ukiandika Jerop ni sawa, umelibeba tangu nasari na marafiki zako wanakujua nalo. Ukiandika Kiprop nitajivuna, mimi ni baba, siwezi kujizuia. Lakini jana uliniuliza mimi, na mtu akiulizwa ajibu. Mimi ningependa waandike Akoth. Nililibeba mgongoni mwangu siku moja, na ningependa kuliona mgongoni mwako, hata wakikuzomea.

Kesho asubuhi, kabla hatujapakia begi, nitasimama mlangoni na mkono mfukoni. Nimenunua pakiti nzima. Nitakukazia macho na nitakuuliza lile neno moja. Najua utacheka, utasema, "Baba, wacha hizo, nitachelewa." Nijibu tu. Sema jina lolote unalotaka. Safari hii mkono hautatoka mtupu, na hakuna jibu la kukosea.

Baba yako,

Okoth